Chapel Hill, Charlottesville, Ann Arbor au California: kupima nafasi ya udahili ya mwanafunzi wa jimbo jingine

Kila chuo kikuu cha Marekani chenye ushindani hutangaza kiwango kimoja cha udahili kwa asilimia, na asilimia hiyo humpotosha mwanafunzi wa jimbo jingine kuliko mwombaji mwingine yeyote. Familia za wazungumzaji wa Kiswahili zilizohamia Columbus, Ohio, kutoka Kongo, Burundi, Tanzania au Kenya hukutana na jambo hili mtoto anapoingia mwaka wa mwisho wa sekondari. Ohio State University iko mjini humo humo na basi la jiji linafika langoni, lakini mtoto amekwisha kuandika majina mengine katika daftari lake: University of North Carolina ya Chapel Hill, University of Virginia ya Charlottesville, University of Michigan ya Ann Arbor, na University of California, ama Berkeley ama Los Angeles. Vyote ni vyuo vya umma, vyote vina sifa kubwa, na katika vyote vinne mtoto huyu ni mgeni. Makala haya yanaviweka ubavu kwa ubavu kwa jicho lake, ili ajue ni wapi ana nafasi ya kweli, na ni wapi atalipa ada ya maombi kwa matumaini matupu.

Tuanze na hesabu ndogo ya kubuni. Chuo kimepokea maombi 60,000 na kudahili wanafunzi 12,000, yaani asilimia 20. Katika maombi hayo, 20,000 ni ya wakazi wa jimbo na 40,000 ni ya watu wa nje. Chuo kikidahili wakazi 8,000 na wa nje 4,000, mkazi ana nafasi ya asilimia 40 na mgeni ana asilimia 10. Ile asilimia 20 iliyochapishwa kwa herufi kubwa haikumhusu mwombaji hata mmoja: mkazi alikuwa na nafasi mara mbili ya hiyo, na mgeni alikuwa na nusu yake.

Takwimu halisi za kupiga hesabu hii hazina siri. Vyuo vingi hutoa kila mwaka jedwali liitwalo Common Data Set, ambalo mtu hulipata kwa kuandika jina hilo pamoja na jina la chuo katika mtandao. Sehemu C1 ya jedwali hilo, katika matoleo ya miaka ya karibuni, hutenganisha waombaji wa ndani ya jimbo, wa nje ya jimbo na wa nchi za nje. Sehemu C7 huonyesha chuo kinatilia uzito gani kila kigezo, na ukaazi wa jimbo una mstari wake wenyewe. Sehemu C9 hutoa alama za SAT na ACT, yaani mitihani ya kuombea vyuo, na sehemu C10 huonyesha wangapi walitoka katika sehemu ya kumi ya juu ya madarasa yao. Mzazi asiyejua Kiingereza vizuri anaweza kukaa na mtoto wake jioni moja na kusoma sehemu hizo nne tu, na akaelewa zaidi kuliko aliyesoma vijitabu vyote vya matangazo. Kitu cha kuangaliwa ni mwaka: jedwali la miaka mitano iliyopita linaeleza dunia iliyokwisha pita, kwa sababu maombi yameongezeka mno tangu vyuo viliposimamisha sharti la mitihani mwaka 2020.

North Carolina na Virginia

Vyuo hivi viwili vinafanana kiasi kwamba wengi huviomba pamoja, na tofauti yao kubwa imo katika idadi ya viti. North Carolina ina ukomo ulioandikwa: tangu mwaka 1986, sera ya bodi inayosimamia vyuo vya umma vya jimbo hilo imeweka asilimia 18 kuwa kikomo cha wanafunzi wapya kutoka nje ya jimbo. Matokeo yake yanaonekana katika takwimu: mkazi wa North Carolina hudahiliwa Chapel Hill kwa kiwango cha takriban wanne katika kumi, ilhali wa nje ni karibu mmoja katika kumi, na miaka mingine chini ya hapo. Virginia nayo hulenga darasa ambalo theluthi mbili ni wakazi, kwa hiyo wageni hubakiwa na theluthi nzima, karibu mara mbili ya sehemu wanayopata Chapel Hill. Hata hivyo waombaji wa nje wa Charlottesville ni wengi mno, na nafasi yao huishia palepale, juu kidogo tu ya mmoja katika kumi. Vyuo vyote viwili vimeutaja ukaazi wa jimbo kuwa kigezo cha uzito wa juu kabisa katika jedwali lao, na huo ni uungwana, kwa maana viko vyuo vinavyofanya hivyo hivyo bila kusema.

Kwa nini basi mtoto wa Columbus mwenye familia ya kipato cha kawaida avisumbukie? Jibu ni fedha. Vyuo hivi viwili hufanya jambo ambalo karibu hakuna chuo kingine cha umma nchini hulifanya: hukidhi mahitaji yote ya kifedha yaliyothibitishwa ya kila mwanafunzi wa Marekani waliyemdahili, hata akiwa wa jimbo jingine. Chapel Hill ina mpango wa Carolina Covenant, ambao humwezesha mtoto wa familia ambayo kipato chake hakizidi mara mbili ya kiwango cha umaskini cha serikali ya shirikisho kumaliza masomo bila mkopo. Virginia ina AccessUVA, ulioanza mwaka 2004. Vyote viwili hudai fomu ya CSS Profile pamoja na FAFSA, ambayo ni fomu ya kuombea msaada wa serikali ya shirikisho, na fomu hiyo ya kwanza huuliza maswali mengi kuhusu mali na matumizi, kwa hiyo familia yenye baba anayefanya kazi mbili na mama mwenye biashara ndogo ya chakula iandae nyaraka zake mapema.

Kuna jambo jingine linalohusu mbinu. Virginia ina maombi ya mapema yanayofunga, ambapo mwanafunzi huahidi kujiunga akikubaliwa, na hutoa takwimu zake zikiwa zimetenganishwa kwa ukaazi na kwa aina ya maombi. Mwombaji aliyeamua moyoni kwamba Charlottesville ndiko anakokwenda anaweza kuitumia njia hiyo, lakini kwanza aendeshe kikokotoo cha gharama ambacho sheria ya shirikisho imekilazimisha kila chuo kuwa nacho tangu mwaka 2011. Chapel Hill kwa desturi yake hufunga maombi ya mapema yasiyomfunga mtu tarehe 15 Oktoba. Ni mapema kweli. Waombaji wengi wa Ohio hugundua tarehe hiyo ikiwa imekwisha pita.

Michigan

Michigan ni habari nyingine kabisa. Karibu nusu ya wanafunzi wake wa shahada ya kwanza hutoka nje ya jimbo, na hakuna sheria inayokizuia chuo kufanya hivyo. Mtu akitazama idadi ya viti peke yake, Ann Arbor ndiyo pana kuliko vyote vinne kwa mgeni, na ni mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka Columbus. Hapo mtoto hufurahi, na mzazi hufurahi zaidi.

Furaha hiyo ipimwe. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, na sijui chuo kinachoitekeleza methali hiyo kwa uaminifu kama Michigan. Gharama ya mwaka kwa mwanafunzi wa nje inapita dola 75,000, na ada hiyo ya wageni ni sehemu ya kinachokiwezesha chuo kuwatendea wema watoto wa nyumbani. Mpango wake maarufu wa kusomesha bila ada, Go Blue Guarantee, ni wa wakazi wa Michigan pekee. Mtoto wa Ohio anaweza kupata msaada, na wako wanaopata msaada mzuri, lakini chuo hakijaahidi kukidhi mahitaji yake yote kama kinavyowaahidi wakazi. Kwa hiyo pale Chapel Hill swali gumu ni kama utadahiliwa. Ann Arbor swali gumu huja baada ya barua ya kukubaliwa. Ni kosa kuita chuo “chenye nafasi nzuri” iwapo nafasi yenyewe haiwezi kulipiwa, na kosa hilo hufanywa na washauri wa shule pia, kwa kuwa wao hupima alama na hawaoni hati ya mshahara.

Tena kuna suala la kozi. Anayeomba uhandisi au biashara Ann Arbor hashindani na kundi lile lile la anayeomba biolojia au historia. Hili si la Michigan peke yake. University of Washington ya Seattle, ambayo kwa mgeni wa kawaida haionekani kuwa ngumu sana, hudahili asilimia chache mno ya wa nje wanaoomba sayansi ya kompyuta. Kabla ya kusoma asilimia ya chuo, uliza kama chuo hudahili kwa kozi au kwa jumla.

California

Hapa desturi zote hubadilika, na mwombaji asipozijua anaweza kutolewa kwenye hesabu kabla hata insha zake hazijasomwa. University of California haitazami SAT wala ACT kabisa. Mtoto aliyejinyima usingizi akapata 1520 hatapata faida yoyote kwa alama hizo, na aliyepata 1200 hatadhurika. Barua za mapendekezo kwa kawaida hazihitajiki. Kinachosomwa ni alama za darasani, orodha ya masomo, shughuli, na majibu manne mafupi, kila moja la maneno yasiyozidi 350.

Alama zenyewe huhesabiwa upya kwa njia yao. Huchukuliwa zile za darasa la kumi na la kumi na moja, na kwa mwanafunzi wa nje nyongeza ya uzito hutolewa kwa masomo ya AP na IB, ambayo ni ya kiwango cha chuo lakini hufundishwa sekondari, na kwa yale ya chuo yanayokubalika kuhamishwa. Masomo ambayo shule yake ya Ohio imeyaita “honors” hayampi nyongeza hiyo, ilhali ya mtoto wa California yaliyoidhinishwa humpa. Wastani wa chini wa alama unaotakiwa kwa mkazi ni 3.0 na kwa mgeni ni 3.4. Halafu kuna orodha ya masomo ya lazima inayojulikana kama A-G, ambayo ndani yake mna mwaka mmoja mzima wa sanaa: muziki, uchoraji, maigizo au dansi. Mwanafunzi hodari wa sayansi aliyejaza ratiba yake kemia na hisabati, akaacha sanaa, hugundua pengo hilo mwezi Novemba wakati hakuna tena cha kufanya.

Kuhusu viti, bodi ya chuo iliweka mwaka 2017 ukomo wa asilimia 18 wa wasio wakazi kwa kampasi tano, na zile zilizokuwa juu ya hapo, zikiwemo Berkeley na Los Angeles, zimekuwa zikishushwa taratibu kwa shinikizo la bunge la jimbo. Chanzo cha shinikizo hilo ni ripoti ya mkaguzi wa jimbo ya mwaka 2016, iliyodai kwamba wageni walikuwa wakikubaliwa kwa alama za chini kuliko za wenyeji. Kwa sera ya chuo, wa nje hutakiwa kulingana na wakazi au kuwapita. Ukisoma takwimu za Los Angeles utakuta jambo la ajabu: nafasi ya mgeni na ya mwenyeji zinakaribiana, wote wakiwa karibu mmoja katika kumi. Usawa huo haumaanishi ukarimu. Mwenyeji naye ameminywa vilevile.

Upande wa fedha, California ndiyo yenye jibu fupi kuliko vyote. Asiye mkazi hulipa nyongeza ya ada ambayo kwa wanaoanza mwaka 2025 imezidi dola 37,000, juu ya ada ya kawaida, malazi na chakula, na chuo hakimpi msaada wake wa kihitaji. Ruzuku kubwa kabisa ya Pell, inayotoka serikali ya shirikisho, ni dola 7,395. Mkopo wa shirikisho wa mwaka wa kwanza kwa mwanafunzi anayetegemea wazazi ni dola 5,500. Ukivitoa vyote viwili katika gharama ya dola 80,000 hivi, bado familia inadaiwa zaidi ya dola 67,000 kwa mwaka mmoja. Kwa familia ya kipato cha dola 55,000, kuomba Berkeley ni kununua tiketi ya meli ambayo hutaruhusiwa kupanda. Nasema hivi nikijua kwamba watoto wengi hawapendi kulisikia.

Mwanafunzi mmoja, vyuo vinne

Tumchukue mwanafunzi wa mfano: shule ya umma ya Columbus, wastani wa 3.9 bila uzito, masomo sita ya AP, SAT 1450, kipato cha nyumbani dola 55,000, familia ya watu watano, nia yake ni biolojia. Alama hiyo ya 1450 iko ndani ya wigo wa kati wa waliojiunga na Chapel Hill, Charlottesville na Ann Arbor. Ila wigo huo unachanganya wenyeji na wageni, na wageni waliodahiliwa huelekea ncha ya juu. Tena tangu mitihani iwe ya hiari, wigo huonyesha waliotuma alama tu, na walioona alama zao ni ndogo hawakuzituma. Kwa hiyo 1450 kwa mgeni ni alama inayomruhusu kubaki mezani, haimpandishi. Ningemshauri aitume kama shule yake ina wastani wa chini zaidi ya huo, kwa sababu wasomaji wa maombi humpima mtoto ndani ya shule yake, na 1450 katika shule ambayo wachache hupita 1200 inaeleza jambo ambalo namba peke yake hailielezi.

Nafasi yake Chapel Hill na Charlottesville ningeiita ndogo lakini ya kweli, na akidahiliwa anaweza kusoma. Ann Arbor nafasi ya kudahiliwa ni kubwa kidogo, na nafasi ya kusoma haijulikani mpaka barua ya fedha ifike. California aiache, labda kama ana ndugu wa damu mwenye uwezo aliyeahidi kwa maandishi, na hata hapo ningesita.

Asihesabu kwamba kuomba vyuo kumi vyenye asilimia kumi kutampa kimoja. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama majina yangetolewa kwenye kapu. Hapa majalada yale yale yenye insha ile ile na pengo lile lile ndiyo yanayosomwa kila mahali, na kilichomkosesha mahali pamoja kitamfuata mahali pengine.

Wako wanaotafuta njia ya mkato kwa kumtuma mtoto akakae kwa mjomba Raleigh, North Carolina, au kwa shangazi Richmond, Virginia. Ukaazi wa ada hauhesabiwi hivyo. Kwa mwanafunzi anayetegemea wazazi, majimbo hutazama makazi ya wazazi kwa miezi 12 mfululizo, kodi walizolipa na leseni zao za udereva, na mara nyingi yanataka ushahidi kwamba hawakuhamia kwa sababu ya masomo tu. Familia inayohama kweli, kwa kufuata kazi ya ghala au ya hospitali, ihifadhi hati zake tangu siku ya kwanza.

Texas na Florida sikuziweka katika ulinganisho kwa sababu jibu lake halihitaji maelezo mengi: University of Texas ya Austin huwatengea wakazi wa Texas asilimia 90 ya nafasi za wanaoanza, na mfumo wa Florida una ukomo wa asilimia 10 kwa wasio wakazi. Anayeomba kutoka Dar es Salaam au Nairobi ajue kwamba hata humu hayumo; yeye huhesabiwa katika safu ya wanafunzi wa kimataifa, yenye kanuni zake za fedha, na msaada wa Chapel Hill na Charlottesville nilioutaja haumhusu.

Jambo ambalo familia nyingi halizijii ni kwamba chuo binafsi chenye jina kubwa zaidi kinaweza kuwa rahisi kulipia kuliko chuo cha umma cha jimbo jirani. Chuo binafsi hakina mkazi wala mgeni. Harvard ilitangaza mwaka 2025 kwamba haitatoza ada familia zenye kipato hadi dola 200,000, ingawa nafasi ya kuingia ni ndogo kuliko vyuo vyote vilivyotajwa hapa. Kwa mwanafunzi wetu wa mfano, mpango wa QuestBridge, unaowaunganisha wanafunzi hodari na vyuo vinavyowafadhili, unastahili kuangaliwa kabla ya vyote, kwa kuwa unawahusu watoto wa familia za kipato cha chini wanaosoma sekondari nchini Marekani bila kujali uraia, na University of Virginia ni miongoni mwa vyuo washirika. Maombi yake hufungwa mwishoni mwa Septemba.

Kisha kuna chuo cha nyumbani, ambacho kwa makusudi nimekiacha mwisho. Ada ya Ohio State kwa mkazi ni zaidi ya dola 13,000, na kwa mkazi anayestahili ruzuku ya Pell, mpango wa Buckeye Opportunity Program huhakikisha ada na michango ya lazima katika kampasi ya Columbus imelipwa. Kwa hiyo mpangilio ningeuweka hivi: QuestBridge Septemba, Chapel Hill kabla ya tarehe 15 Oktoba, Charlottesville, Ann Arbor na Ohio State pamoja ifikapo tarehe 1 Novemba, na zile dola 80 ambazo kampasi moja ya California ingedai zibaki mfukoni. Barua za fedha zikifika, ziwekwe juu ya meza moja kabla ya tarehe 1 Mei, na katika kila barua mikopo itengwe na ruzuku kwa kalamu nyekundu, maana vyuo huvijumlisha vitu hivyo viwili chini ya neno moja la “msaada”.